Mdogo Wangu Alitibiwa kwa Jina Langu

(Majina yote kwenye barua hii tumeyabadilisha.)

Shikamoo Mama Pantaleo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti likifika ofisini wanaume wanagombania kurasa za michezo na mimi nabaki na ukurasa wako, na nikiri tu kwamba barua nyingi za humu huwa nazisoma huku nasema moyoni huyu kayataka mwenyewe, sasa leo zamu ni yangu na hili langu nimelitaka mwenyewe kuliko wote, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Niite Sitara. Nina miaka thelathini na nane, ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Mchafukoge na chumba ninachoishi na wanangu kiko Mchafukoge hapo hapo, ghorofa ya tatu. Mama na baba wameshatangulia, tumebaki watatu, mimi, mdogo wangu wa kike Swaumu, na kaka yetu Hashimu ambaye ni fundi magari Buguruni. Mimi na Swaumu tumepishana miaka miwili na tunafanana mpaka fundi cherehani wetu akimpima mmoja anashona nguo za wote wawili. Swaumu anauza mashuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na kama umewahi kupita pale basi umeshamsikia hata kama hukumwona, maana alikuwa ananadi kwa mdomo kuanzia asubuhi mpaka wanafunga, pamba hii, haichuji, haipauki, shika mwenyewe mama, na watu walikuwa wanasimama kwa ile sauti kabla hata hawajaangalia mashuka.

Kazini kwetu tuna bima ya afya. Kadi inanihusu mimi na watoto wangu, mdogo wangu hayumo, na yeye hana bima ya kwake, kila mwaka anasema mwaka huu nitajiunga na mwaka unaisha. Kwa hiyo, Mama Pantaleo, tulifanya kama wengi wanavyofanya, na usiniambie hujui, kadi kwenye familia inaazimwa kama sufuria la shughuli. Mara mbili aliumwa malaria akaenda na kadi yangu kwenye vituo vidogo vya mtaani, akaitwa Sitara, akapewa dawa, akarudi, tukacheka kwamba leo nimeumwa bila kuumwa.

Jumamosi moja mwezi wa tano, alikuwa na wiki nzima anakohoa na hataki kufunga biashara, akaanguka juu ya marobota yake mchana kweupe. Jirani yake wa biashara, anaitwa Beno, akamweka kwenye bajaji na kunipigia simu, nikawakuta mlangoni kwa idara ya dharura ya hospitali moja hapa hapa mjini, sitaitaja. Swaumu alikuwa anawaka moto, macho yako juu, ukimwita anaitika kwa mguno. Dirishani wakauliza kadi, nikatoa yangu. Mgonjwa anaitwa nani, nikasema Sitara. Na wewe ni nani yake, nikasema mimi dada yake, naitwa Swaumu. Sikusita hata kidogo, lilinitoka kama salamu.

Sasa hospitali ile mimi nilishawahi kulazwa, mwaka juzi, siku nne, jipu la mguuni, na jina langu likiandikwa mambo yangu yote yanafunguka kwenye kompyuta yao. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria picha tu, kwamba sura inafanana.

Nesi aliyetupokea nitamwita Severa. Nataka uelewe kwamba hakuwa mtu mbaya, alimvua Swaumu viatu mwenyewe, akampangusa uso, akamtafuta mshipa taratibu. Daktari akapima, akasema ni kifua, akaandika sindano, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Severa akaja na kisahani chake, kabla hajachoma akaniuliza, "Sitara ana aleji na dawa yoyote?"

Nikamwambia, "Penisilini. Akichomwa anavimba."

Ni kweli, Mama Pantaleo, Swaumu akiwa darasa la tatu alichomwa penisilini akavimba macho yakafungika, na marehemu mama kila tukienda zahanati neno lake la kwanza lilikuwa huyu penisilini hapana. Severa akasimama. Akarudi kwenye kompyuta, akasoma, akaniambia kwa upole kabisa, "Mbona hapa mwaka juzi alichomwa dawa za jamii hiyo hiyo siku nne mfululizo na hakuna shida iliyoandikwa?"

Aliyechomwa mwaka juzi ni mimi.

Nikamwangalia, akaniangalia. Nyuma yetu kuna foleni, askari wa mlangoni anasikia, kadi yangu iko mezani, nami kichwani naona barua ya kuachishwa kazi na pingu. Severa akasema, "Dada una uhakika? Isije ikawa unamchanganya na mtu mwingine kwenye familia."

Nikasema, "Labda nachanganya."

Ndiyo maneno yangu. Maneno mawili. Akamchoma.

Hazikupita dakika nyingi Swaumu akaanza kujikuna shingo, midomo ikavimba, na pumzi ikaanza kupiga mluzi. Nikakimbilia meza ya manesi. Ilikuwa saa nane mchana, wanabadilishana zamu, wamezunguka meza wanapeana ripoti, na Severa alishakabidhi wagonjwa wake akaenda kubadilisha nguo. Nesi mmoja akaniambia bila kuinua uso, "Dada subiri, tunamaliza ripoti, anayeingia atakuja kumwona." Nikarudi kitandani, nikaenda tena, nikaambiwa subiri. Nikaenda mara ya tatu, nikaambiwa dada unatusumbua. Saa ya ukutani iko mbele yangu, nilianza kwenda nane na dakika tano. Mzee mmoja aliyekuwa anamuuguza mkewe kitanda cha jirani ndiye aliyeingia chumba kingine akamshika daktari mkono wa koti akamleta. Ilikuwa nane na nusu. Yule daktari alipomwona tu alipiga kelele za dawa, na hapo ndipo wote walipokimbia.

Walimwekea mpira kooni, akakaa kwa wagonjwa mahututi siku nne. Mungu alimrudisha. Lakini sauti haikurudi. Anaongea kwa kukwaruza, ukiwa mbali hatua tatu humsikii, na daktari wa koo anayemwona kila Alhamisi anasema nyuzi za sauti zimeumia, inawezekana zikapona na inawezekana zikabaki hivyo. Amerudi Mtaa wa Kongo. Zamani alishajirekodi kwenye kile kipaza sauti cha betri wanachotumia wafanyabiashara wakichoka, sasa hivi ndicho kinachonadi. Nilipita juzi saa ya chakula, nikaisikia sauti yake ya zamani inasema shika mwenyewe mama, na yeye amesimama pembeni yake amenyamaza anakunja mashuka. Nilirudi ofisini bila kula.

Kaka yetu Hashimu hakukubali. Ameandika malalamiko kwa uongozi wa hospitali, kurasa mbili, kwamba ndugu wa mgonjwa alimwambia nesi mara tatu kuhusu aleji na nesi akapuuza. Mara tatu aliyatoa wapi, aliyatoa kwangu, kwa sababu aliponiuliza ulimwambia nilisema nilimwambia, akauliza mara ngapi nikasema hata mara tatu. Mara tatu nilienda mezani baada ya sindano, lakini hivyo sikumweleza. Na malalamiko ni ya Sitara, maana aliyetibiwa kwenye makaratasi ni Sitara. Kikao cha kusikiliza kimepangwa Jumanne tarehe kumi na nane. Swaumu ataingia kama mimi na mimi nitaingia kama yeye, na jioni wanakaa na Hashimu anamfundisha kuweka sahihi yangu.

Severa amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama lishe, simu ikaita, namba mpya. Akasema, "Samahani, naongea na Swaumu, dada yake Sitara?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi Severa, nesi wa siku ile. Najua sitakiwi kukupigia. Nataka tu uniambie, mimi nilikusikia vibaya? Nakumbuka ulisema anavimba, halafu ukasema unachanganya, na kompyuta ilisema hivyo. Nimejiuliza mpaka sasa nahisi labda nimejitungia." Nikamwambia sikumbuki vizuri, nilikuwa nimechanganyikiwa. Akasema asante dada, mpe pole mgonjwa, akakata.

Na Swaumu mwenyewe hakumbuki chochote baada ya bajaji. Anajua tu kwamba nilikimbia kila mahali kumtafutia msaada. Ameniletea mashuka jozi moja, yale mazuri anayoyaficha chini ya meza, akaniandikia kwenye karatasi, "Bila wewe ningekufa." Bado yako kwenye nailoni yake, siwezi kuyatandika.

Sasa nifanye nini. Nikisema ukweli malalamiko yanakufa, hospitali itasema kumbe ni matapeli, kazi nitapoteza, wanangu watakula nini, Hashimu hataongea na mimi tena, na Swaumu atajua kwamba aliyempa ile sindano ni mimi. Nikikaa kimya yule nesi anabeba lote, na kila nikimwangalia mdogo wangu natafuta pa kuweka macho. Nimefikiria hata kujifanya mgonjwa siku ya kikao. Nakutegemea wewe.

Sitara, Mchafukoge


JIBU

Marahaba, Sitara. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na kukukasirikia nilianza pale katikati. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya tarehe uliyotaja. Ningeweza kukupigia simu ningefanya hivyo, lakini hukuacha namba, kwa hiyo naomba gazeti la leo ulisome wewe kwanza kabla ya wale wa michezo.

Wasomaji wa zamani wanajua kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilivaa gauni jeupe wodini miaka kumi na tisa. Kwa hiyo nitaongea na wewe kama dada na kama nesi, na wewe hutapenda kote kuwili.

Pole kwanza. Naisema kwa moyo mmoja. Kumwona mdogo wako anapiga mluzi wa pumzi na watu wako hatua kumi wanakwambia subiri, hilo halitoki kichwani, na halitakiwi kutoka. Umelibeba peke yako wiki nyingi na ndiyo maana hata mashuka ya zawadi yanakuchoma.

Sasa nikugombeze. Kadi ya bima si sufuria la shughuli. Sufuria likirudi limeungua unanunua jingine. Jina la mtu hospitalini ni mwili wake, ni damu yake, ni dawa zinazomfaa na zinazomuua, na wewe ulimvisha mdogo wako mwili wako halafu ukashangaa haukumtosha. Ni kweli wengi wanafanya hivyo. Nilikuwa nawajua wagonjwa wangu, mama mmoja anakuja Januari na shinikizo la damu, Machi anakuja jina lile lile, sura inayofanana, na shinikizo limepona lenyewe na amepungua kilo ishirini. Tulikuwa tunanyamaza tukidhani tunawasaidia. Tulikosea, na wewe leo unaona tulikosea wapi.

Na lile neno lako, "labda nachanganya," sitakupunguzia. Ulikuwa unajua. Mama yenu aliyefariki alikukabidhi jambo moja kuhusu mtoto huyo, na ukalitoa, na lilisikilizwa, nesi akasimama. Halafu ukalirudisha mfukoni kwa sababu ya askari wa mlangoni. Hilo ni lako, Sitara. Usimwachie Severa, usimwachie kompyuta.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana umechanganya vitu viwili na Hashimu amevichanganya zaidi. Kosa lako haliwasafishi wao. Nesi akishasikia "anavimba", hata kama ndugu amerudi nyuma, hata kama kompyuta inasema vingine, anaweka kisahani chini na kumwita daktari. Tulifundishwa hivyo. Severa naye alifanya kosa, dogo kuliko mnavyomwandikia, lakini ni kosa, na ukiangalia maneno yake kwenye simu utaona analijua. Na baada ya sindano ile, hakubaki mtu wa kumtazama mgonjwa. Dakika ishirini na tano. Hayo si ya kadi. Angelala pale Sitara, angelala Swaumu, ningelala mimi, wale waliokuwa mezani wangesema subiri. Nimewahi kusema neno hilo mwenyewe, "ngoja tumalize ripoti," nikiwa nimechoka na viatu vinanibana, na nilibahatika kwamba aliyesubiri hakufa. Ripoti ni lazima, lakini lazima pia mmoja abaki ameangalia vitanda. Malalamiko yenu yako hapo, na hapo yana miguu.

Sasa tazama mlivyoyaandika. Mmewaacha wote waliosema subiri, mmemshika yule mmoja aliyeuliza swali. Mkiingia kikaoni na habari ya "mara tatu", watafungua kompyuta, wataona jipu la mguuni la mwaka juzi, watamwambia Swaumu awaonyeshe kovu. Ataonyesha mguu gani? Watamuuliza mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini. Atajibu kwa ile sauti ya kukwaruza, kwa uongo mliomfundisha jioni na sahihi yako. Hapo ndipo malalamiko yatakufa kweli, na dakika ishirini na tano zitakufa nayo, na mwaka ujao kitanda kile kile atalala mtoto wa mtu mwingine saa nane mchana. Wewe unaogopa ukweli utaua malalamiko. Malalamiko yako tayari yanakufa kwa uongo, ukweli ndio utakaoyafufua.

Kwa hiyo hutajifanya mgonjwa. Tumeshaona kinachotokea kwenu watu wakijifanya.

Leo jioni unaenda kwa Swaumu. Peke yako, bila Hashimu, maana Hashimu akiwepo mtagombana, na Swaumu atabaki anawasuluhisha bila sauti. Ubebe yale mashuka, uyaweke katikati yenu, umwambie kabla hujayatandika kuna kitu anatakiwa kukijua. Mwambie neno kwa neno kama ulivyoniandikia, nesi aliuliza nini, wewe ulijibu nini. Usianze na askari wala wanao, anza na "labda nachanganya". Akilia mwache alie. Akikufukuza ondoka, urudi kesho asubuhi. Sikuahidi kwamba atakusamehe, hilo ni lake na lina muda wake. Lakini ni mwili wake ulioharibika, na ndiye mtu wa mwisho anayestahili kuwa hajui.

Kisha Hashimu. Atapiga kelele, ni kaka, ana haki ya kupiga kelele. Akimaliza, mwambie barua ya kwanza inaondolewa na inaandikwa nyingine, kwa majina yenu ya kweli, yenye sindano ilivyokuwa na saa ya ukutani ilivyokuwa. Kabla hamjaipeleka, pitieni kwa wanaotoa msaada wa kisheria, mjini hapa wapo, wasimamie mnachoandika, kwa sababu kutumia kadi isiyo yako ni kosa na lina gharama yake. Sitakudanganya kwamba hutaulizwa. Kazini kwako nenda mwenyewe kabla hawajaletewa habari na mtu wa bima. Mtu anayekuja na kosa lake mkononi anasikilizwa tofauti na anayefuatwa nalo. Inawezekana wakakuonya, inawezekana wakakuachisha. Ikitokea hivyo utaumia na wanao watabana mkanda, na bado utakuwa unaweza kupita Mtaa wa Kongo saa ya chakula. Mtafuteni na yule mzee wa kitanda cha jirani, hospitali wana jina la mkewe, ni shahidi wenu kuliko wote.

Severa usimpigie kumbembeleza wala kuomba yaishe kienyeji. Mpigie useme sentensi tatu. "Mimi si Swaumu, mimi ndiye Sitara. Ulisikia vizuri, nilisema anavimba halafu nikarudi nyuma. Nitasema hivyo kikaoni." Basi, kata simu. Yule mwanamke ameanza kutilia shaka masikio yake, na nesi asiyeyaamini masikio yake hawezi tena kufanya kazi popote. Adhabu ya kosa lake aipate, lakini ya kosa lake tu.

Nimeliweka mwisho jambo ambalo wewe hukuliuliza, wala sidhani Hashimu amelifikiria, na kwangu ndilo la haraka kuliko kikao, kuliko kazi yako na kuliko Severa.

Baada ya yote yaliyotokea, Sitara, ile aleji imeandikwa wapi? Imeandikwa kwako. Kwenye kompyuta ya hospitali ile, wewe unayeweza kuchomwa penisilini siku nne na ukarudi kazini, umeandikwa kwamba ikuguse tu unakufa. Na Swaumu hajaandikwa kitu. Swaumu hajawahi kufika pale. Hajawahi kuvimba, hajawahi kuwekewa mpira kooni, hajawahi kuumwa hata kichwa. Siku moja ataanguka tena juu ya marobota, wewe uko ofisini simu haina chaji, Beno atamweka kwenye bajaji, wataangalia kitambulisho kwenye pochi yake, watafungua jina lake, watakuta pako safi. Nesi ataangalia, atamuuliza mwenyewe kama kuna dawa inayomdhuru, na yeye, hata akiwa anajitambua, sauti ya kumfikia nesi hana. Watachoma tena. Na safari hii hakuna atakayekuwa amekosea.

Leo ni Jumatatu tarehe kumi, Alhamisi hii ni kliniki yake ya koo. Asiende kama Sitara hata siku moja zaidi. Mwende wote wawili, kadi yako iache nyumbani, mfungue faili lake kwa jina lake, na mkienda mbele ya daktari mwambieni yaliyoandikwa kwako yahamishiwe kwake. Muombe aandike karatasi yenye jina la dawa kwa herufi kubwa, nakala mbili, moja Swaumu aikunje na kitambulisho, nyingine aibandike chini ya kile kipaza sauti chake, Beno aione.

Dirishani watauliza mgonjwa anaitwa nani. Mdogo wako hawatamsikia, kwa hiyo jibu wewe. Sema Swaumu. Na nesi akiuliza kama kuna dawa inayomdhuru, mwambie penisilini, na hata akuangalie vipi, usirudi nyuma.